Ufunguo Kwenye Kitenge cha Mama

Juzi mume wangu alifunga kalipa mpya, kibanio cha breki za gari letu, uani kwetu Katoro, akaniita nikanyage pedeli yeye akitoa upepo kwenye mabomba ya breki. Harufu kali ya mafuta ya breki ilinirudisha Runzewe, utotoni.

Baba alikuwa amechuchumaa kando ya pikapu, mawe nyuma ya matairi. Mama, na kitenge chake cha kanisani, alikaa kwenye usukani akikanyaga kila alipoambiwa. Majirani walisubiri lifti ya kwenda msibani.

"Tayari, pandeni," Baba alisema.

"Baba Neema, bado pedeli inazama mpaka chini, breki haishiki." Mama alichomoa ufunguo, akaufutika kwenye kitenge.

"Leo dereva nani?" jirani mmoja aliuliza, wengine wakaangua kicheko. Baba aliinama tena mavumbini. Niliona Mama amemvua nguo mbele ya watu, nikajificha nyuma ya choo kwa aibu.

Juzi pedeli ilizama hivyo hivyo chini ya mguu wangu.

"Imetosha," mume wangu alisema, akifuta mikono, wageni wetu waliongoja kupelekwa stendi wakitazama.

Nikachomoa ufunguo. Binti yetu alinitazama, akamtazama baba yake, kisha akakimbilia nyuma ya nyumba.