Matundu ya Bafu

Mama yangu alipokuja kutoka Kaliua kumwangalia mke wangu aliyejifungua, alishuka kwenye treni na kuku wawili, kidumu cha asali na amri. Amri ya kwanza: mzazi akandwe kwa maji ya moto asubuhi na alasiri mpaka arobaini iishe. Ya pili: upepo usimguse. Ya tatu ilinihusu mimi: mwanamume asisogee karibu na bafu wakati mzazi anakandwa. Nilizikubali zote. Mimi ni fundi makochi, kazi yangu ni sponji na misumari. Ningebishanaje na mama kuhusu uzazi?

Tuligombana kwa sababu ya hita. Nyumba yetu ya Ipuli ina bafu la ndani, dogo, na kabla mtoto hajazaliwa nilikuwa nimefungisha hita ya gesi ukutani. Umeme unakatika unavyojisikia, na moshi wa kuni ulikuwa unamtesa mke wangu. Fundi aliyeifunga aliweka mtungi nje, akatoboa matundu mawili ukutani, moja karibu na dari na jingine karibu na sakafu. Akatuambia hayo yasizibwe kamwe. Moto wa gesi unakula hewa, alisema, na ukikosa hewa safi unatoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Mkiuona umeacha kuwa wa bluu umekuwa wa njano, zimeni, tokeni nje.

Mama aliipenda hita kuliko alivyotupenda sisi. Alifungua bomba, maji yakatoka ya moto, akacheka peke yake. Matundu ndiyo aliyachukia. Kwake tundu ni njia ya upepo, na upepo ukimwingia mzazi basi tena, ataumwa mgongo mpaka uzeeni. Siku ile ile akayaziba kwa kanga. Nikazichomoa. Kesho yake akaziba tena.

"Mama, hapo pasizibwe. Watu wanakufa."

"Wanakufa kwa kuoga?" Alikuwa anapepeta mchele, hata hakuniangalia. "Baba, ninyi wote niliwazaa, nikakandwa kwenye kibanda kisicho na tundu hata la sindano. Nilikufa?"

"Maji yako yalichemshiwa nje. Haya yanachemkia humo humo ndani."

"Usinifundishe uzazi. Umezaa wewe?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Nilikasirika, nikaenda zangu kazini Gongoni. Lakini jioni niliporudi kanga hazikuwepo, na hazikuonekana tena. Kila asubuhi nilizunguka nyuma ya nyumba kutazama, nikaona matundu yako wazi. Nikajisifu moyoni kwamba kwa mara ya kwanza maishani nimemshinda mama yangu.

Wiki hiyo aliniomba vipande vya sponji, amtengenezee mtoto mto. Nilimletea mfuko mzima.

Mke wangu alianza kulalamika kwamba kila akitoka kukandwa kichwa kinagonga na roho inachafuka. Mama alisema ni kichwa cha uzazi, akamwongezea pilipili manga kwenye uji. Nilimwamini. Mtu aliyelea watoto wote wale nani asingemwamini?

Alasiri ya siku yenyewe nilikuwa sebuleni na mtoto mapajani. Bafuni nilisikia maji yakitiririka, na sauti ya mama ikimhimiza mke wangu avumilie. Mtoto akaanza kulia njaa. Nikamtembeza, nikamwimbia, hanyamazi. Ndipo nikatambua kwamba maji bado yanatiririka lakini sauti ya mama haipo. Nikasogea mpaka mwanzo wa ujia nikasimama hapo, kwa ile amri yake ya tatu. Nikakohoa ili wajue nipo. Nikaita kwa adabu, "Mama, mtoto anataka kunyonya." Kimya. Nikamwita mke wangu. Kimya. Nikasahau adabu, nikapiga kelele kwa Kinyamwezi kama nilivyokuwa nikimwita utotoni, "Mayu! Mayu!" Maji tu.

Nilimlaza mtoto kwenye kochi nikauvamia mlango. Komeo lilikuwa la chuma, nililitia mwenyewe, nikalilaani mwenyewe. Mlango uliachia kwa teke sijui la ngapi. Mvuke ulikuwa mzito, na ndani ya ile hita moto ulikuwa wa njano, unarukaruka. Mke wangu alikuwa ameanguka karibu na mlango. Mama alikuwa kule mwisho, chini ya bomba, kitambaa cha kukandia bado kimo mkononi.

Nilimtoa aliyekuwa karibu. Nilimburuta mpaka uani, jirani yetu akaja mbio akamtupia kanga. Nikajaza pumzi kifuani nikarudi. Mama alikuwa mzito, kanga imemvuka na mwili umelowa, ananiteleza. Nilimshika kwapani nikavuta huku namwomba Mungu kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilipofika naye kwenye hewa nilimfunika kwa shati langu, maana hakuna kilichonitia uchungu kama kufikiri kwamba atazinduka ajikute hivyo mbele ya watu. Kisha nikakimbia kufunga mtungi.

Watu walikuwa wamejaa. Mmoja akasema ni majini. Mwingine akaja na kikombe cha maziwa, eti yanaua sumu, akaanza kumfungua mama kinywa. Nilimpiga mkono maziwa yakamwagika. "Unataka kumzamisha? Hamezi! Huoni hamezi? Niitieni bajaji!" Nilikuwa nalia mbele ya majirani wanaume na sikuona haya hata kidogo. Nilichotaka ni kifua cha mama kipande tena, na kilikuwa kinapanda polepole mno, kila mara nikidhani ndiyo ya mwisho.

Hospitali waliwatia hewa ya oksijeni wote wawili. Mke wangu alizinduka jioni, akatapika, akaulizia mtoto. Nilimwambia yuko kwa jirani. Akamuulizia mama, nikamfunika shuka vizuri. Mama alifumbua macho kesho yake asubuhi. Niliinama kitandani kwake nikasema, "Shikamoo mama," akaitika marahaba. Nilitoka nje nikakaa chini kando ya ukuta.

Nyumbani nilikuta sponji zangu ndani ya matundu. Alizikata kwa ustadi na kuzisukumia kwa ndani, zisionekane upande wa nyuma. Nilizitoa, nikaita fundi aing'oe hita. Sikumwambia mama neno. Ningemwambia nini? Alikuwa anamlinda mke wangu.

Tulidhani yamekwisha. Kisha akaanza kutia chumvi kwenye chai. Akawa anamwita jirani kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Akitoka chooni hajui chumba chake ni kipi. Daktari alisema ubongo ulikosa hewa, na wakati mwingine athari huja baadaye, mgonjwa akishapata nafuu. Nikamuuliza kama atarudi kuwa kama zamani. Akasema wapo wanaorudi. Nilimchukia kwa lile jibu, ingawa sijui nilitaka aseme nini. Usiku nikiomba, naomba awe miongoni mwa hao wanaorudi, na asubuhi namsikiliza anavyosalimia, natafuta dalili.

Jana alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani. Mke wangu alimwekea mtoto mikononi, akamshika vizuri, shingo juu ya kiganja, kama alivyotushika sisi.

"Mtoto mzuri," akasema. "Wa nani?"

"Wangu, mama."

Akaniangalia kwa upole, kama mtu anavyomwangalia mgeni mwenye heshima zake.

"Hongera, baba. Na mama yako je, ameshamwona mjukuu wake?"

Nikamwambia ameshamwona.