Siku Niliyovuka Wikio na Liwa Usoni

Aibu hii ni yangu mwenyewe, wala simsingizii shetani, kwa hivyo bora niieleze mimi kuliko muisikie kwa Bwana Shekue, ambaye kila akiisimulia pale barazani huongeza jambo (mara ya mwisho nimesikia eti nilikuwa nimepanda punda). Punda hakuwako. Yaliyobaki yote ni kweli, na yanatosha.

Mimi ni Bi Zena wa Mkomani, hapa Amu. Skuli sikwenda, nilikwenda chuoni nikahitimu Kurani, basi, lakini majina ya watu na ya nyumba Mungu alinijaalia kuyahifadhi, na nyumba niliyomo ni ya mawe, ya babu wa mama yangu, yenye boriti za mikoko darini na zidaka ndani, zile tundu za chokaa zilizochongwa ukutani safu juu ya safu, ambazo zamani kila moja ilikuwa na chombo chake cha kichina. Naishi na mjukuu wangu Maimuna, mtoto wa marehemu binti yangu Nuru. Maimuna amesomea kutembeza wageni, Kiingereza chake kama maji, lakini kazi hakupata, na alipochoka kungoja akatengeneza pasi ya kusafiria akaniambia, "Bibi, mimi nakwenda Arabuni kufanya kazi za nyumba, wakala amesema mwisho wa mwezi huu nitaondoka." Niliingia chooni nikalia, nikatoka nikamwambia chakula tayari.

Basi nikamwendea mimi mwenyewe Bwana Kimani, mtu wa bara, mwenye ofisi ya kutembeza wageni pale mbele ya bandari. Nikakaa kitini mwake mpaka akanisikiliza. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Bi Zena, wageni ninaowangojea si wa kuja kuota jua. Hawa huzunguka dunia kuangalia majengo. Wameona piramidi za Misri, wameona ule mnara wa chuma wa Paris na ule wa Italia uliopinda, na lile kaburi jeupe la Bara Hindi. Sasa Maimuna atawaonyesha nini?"

Nikamwambia, "Nyumba yangu."

Akanitazama. Akasema, "Haya. Atawazungusha mji asubuhi, atamalizia kwako. Wakiondoka wamefurahi, kazi ni yake. Wakinung'unika, mama, usirudi kukalia kiti changu."

Nilitoka pale nimekaza nia kama mtu anayekwenda vitani. Nilipaka chokaa, nilisugua sakafu, nilitandika mikeka, na asubuhi ya siku yenyewe Maimuna alipokwisha kutoka kwenda kuwapokea wageni nikaufunga mlango wa chini kwa komeo nipate kujitengeneza kwa nafasi. Nikajipaka mafuta ya nazi kichwani na liwa, ule msandali wa kusagwa, uso mzima (msicheke, hata mzee ana ngozi), nikakaa ukumbini na kanga moja kifuani na ya pili kiunoni nikingoja liwa ikauke, na katika kukaa huko mato yangu yakaenda kwenye zidaka.

Tupu. Vile vyombo viliondoka kimoja kimoja miaka ya shida, nanyi mnajua shida. Nilikuwa nimeona utupu ule kila siku wala haunisumbui, lakini asubuhi ile niliona ukuta mzima unanitazama kama mdomo wa kibogoyo, nikasema watu waliotoka Misri na Paris waje waonyeshwe mashimo?

Hapo ndipo nilipoamua lile jambo dogo.

Nyumba ya pili, ng'ambo ya ndia, hii njia nyembamba ya mlangoni kwetu, ilikuwa ya shoga yangu marehemu Bi Rukia, na baina ya ghorofa yake na yangu pana wikio, yaani kijichumba kama daraja kinachopita juu ya ndia, wazee wetu walikijenga ili wanawake watembeleane bila kushuka chini kupita mbele ya waume. Tangu tu wanawali mimi na Rukia tulivuka pale kwa kanga za ndani. Na kwenye wikio hapana hodi. Hodi ni ya mlango wa chini, ni ya wageni na waume. Anayetokea wikioni ni mwanamke wa nyumbani, huingia tu. Na mmoja akipata wageni, hutwaa vyombo kwa mwenziwe, hata mwenyewe akiwa amelala, kisha huvirudisha vina kitu ndani, halua au mkate wa mofa, chombo hakirudi kitupu. Ndiyo ilivyokuwa.

Sasa Rukia alipofariki, wanawe waliiuza nyumba pamoja na vilivyomo, ikafanywa nyumba ya kulala wageni, na msimamizi wake ni Bwana Otieno, kijana mwenye adabu, ambaye siku moja nje mlangoni aliniambia, "Mama, wewe ni jirani, ukihitaji kitu sema tu." Nami nikajisemea, haya ndiyo nimehitaji. (Kusema sikusema, hilo nalikubali.) Tena nilijua nyumba ni tupu, maana wiki ile sikusikia sauti ya mtu. Na wale wageni wa Maimuna nilidhani wamelala Shela, kama matajiri wote. Kumbe waliingia jana yake magharibi, wamelala ukuta kwa ukuta nami!

Nikavuka. Mlango wa wikio nikausukuma, ukafunguka kama ulionijua. Nikaingia chumba cha ndani cha Rukia, nikaziona zile sahani zake mbili za buluu ziko palepale kwenye zidaka, nikamsomea Fatiha, nikazitwaa, nikageuka.

Akatoka chooni mwanamume.

Mzungu, mzee, mrefu kama boriti, na taulo. Baadaye nilijulishwa kuwa ni Bwana Klausi, tumbo lilimsumbua ndiyo maana hakwenda na wenziwe, lakini wakati ule hatukujulishana. Yeye aliona nini? Bibi kizee uso mweupe kama chokaa, nywele zinang'aa mafuta, ametoka ukutani na sahani mbili. Alipiga ukelele. Na mimi nikapiga wangu. Akazidisha, nikazidisha. Naye alikuwa amesimama baina yangu na mlango wa wikio, na kumpita kwa ubavu siwezi, nina heshima yangu, basi nikatimua mbio upande wa pili nikijua ngazi ya nyuma iko wapi, maana nyumba ile naijua gizani. Ngazi ya nyuma hapana! Wamevunja ukuta wameweka kitanda. Nikarudi, nikapita kwengine, nikaiona ngazi mpya nisiyoijua, nikashuka nayo nikidhani yatokea uani, na ikanitoa moja kwa moja mlango wa mbele. Ndiani. Mchana kweupe.

Sahani sikuziangusha. Hilo nataka lijulikane.

Pale kwenye baraza ya ndiani walikuwa wamekaa Bwana Shekue na wenziwe na kahawa yao. Waume hawa tangu niolewe hawajaniona ila kwa buibui. Nikaivuta ile kanga ya kiunoni nikajifunika kichwa kwa mkono mmoja. Bwana Shekue akasema kwa sauti ya msikitini, "Mashallah! Yeo kuna arusi ya nani?"

"Yako na aibu!" nikamwambia, nikakimbilia mlangoni kwangu, nikausukuma. Komeo. Nililifunga mwenyewe, kwa ndani, na ndani hakuna mtu. Nikausukuma tena kana kwamba mlango huona huruma. Wazee wetu walijenga mlango hata jeshi haliuvunji, na mimi mwenye nyumba nikaachwa nje yake na liwa ikinipasuka mashavuni.

Nyuma yangu akatoka Bwana Otieno anakimbia. Uso wangu chini ya buibui hajapata kuuona hata siku moja, atanijuaje? "We mama! Weka hizo sahani chini! Unaziiba unapeleka wapi?" Neno hilo la kuiba lilivyosikika, madirisha yalifunguka ndia nzima. Akaja muuza samaki, akaja na mtu wa maji, mtu akauliza nini, mwengine akajibu mwizi, wa tatu akasema si mwizi ni mgonjwa, maskini, mtafutieni watu wake.

Na watu wangu wakaja. Mwisho wa ndia alitokeza Maimuna, amevaa vizuri mwanangu, mkono ameunyoosha anaonyesha mlango wangu, nyuma yake wageni na kofia zao na Bwana Kimani anapangusa jasho. Mkono ukabaki hewani.

"Bibi? Una nini usoni?"

Bwana Kimani akaniangalia, akaangalia sahani, akaangalia ule umati. Akasema, "Maimuna, huyu ndiye nyanya yako uliyesema ni malkia?"

Wako waliocheka. Maimuna hakucheka. Aliniangalia mara moja, kisha akaangalia chini, akaniambia polepole kwa Kiamu Bwana Kimani asifahamu, "Bibi, ungeniacha tu niende zangu." Neno lile lilinichoma kuliko la wizi.

Bwana Kimani akawageukia wageni, "Twendeni Ngomeni, hapa tumemaliza."

Nikasema, "Hamjamaliza."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Ila nilijua nikimwacha aende Ngomeni basi Maimuna ameshapanda ndege. Aibu ilikuwa imekwisha kunipata yote, haikubaki nyingine ya kuogopa. Nikamwendea Bwana Otieno mbele ya watu, nikamshikisha sahani zake mkononi, nikamwambia, "Bwana Otieno, mimi ni Bi Zena, jirani yako. Nimeingia kwako bila hodi, nimetwaa vyombo bila ruhusa, nimefanya kama anavyofanya jirani kwa marehemu Bi Rukia, na Bi Rukia hayupo. Kosa ni langu. Niwie radhi."

Akasema, "Bi Zena? Aki ni wewe? Pole mama, mimi sikujua, mimi nimesema mwizi..."

"Ulisema ulichokiona. Sasa nifadhili jambo moja. Mlango wangu una komeo kwa ndani, na ndia ya kurudi kwangu ni moja, yapita kwako. Tupishe. Mimi na wageni hawa wote."

Akamtazama Bwana Kimani, Bwana Kimani akamtazama Maimuna, na Maimuna (Mungu ambariki) akafuta uso kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani, akawaambia wageni kwa Kiingereza, nami sikufahamu ila niliona wanainua vichwa juu kuliangalia wikio, na mama mmoja mnene, Bi Helga, akapiga makofi. Alikuwa amewaambia kuwa bibi yake atawapitisha ndia ya wanawake, ambayo mume hajapata kuipita.

Basi tukapanda, mimi mbele na liwa yangu. Kumbe Bi Helga ndiye mke wa Bwana Klausi, na tulimkuta mumewe kitandani amejifunika shuka mpaka puani, aliponiona tu akaanza upya, mkewe akacheka hata akakaa chini. Tukavuka mmoja mmoja tumeinama, Bwana Kimani akagonga kichwa kwenye boriti, nikamwambia, "Ndiyo salamu ya nyumba, inama." Tukatokea ukumbini kwangu, na mbele yao ule ukuta wa zidaka. Tupu.

Sahani sina. Halua sina. Kisha nikanyoosha kidole kwenye kidaka cha kati nikasema, "Hapa lilikaa bakuli la kijani la Bi Mwanaharusi, bibi yangu, alilotolewa fungate. Liliuzwa Nuru alipougua." Maimuna akageuza kwa Kiingereza. Nikasogea. "Hapa sahani ya Bi Amina, ilivunjwa na paka, paka akiitwa Sultani. Hapa palikuwa na birauli ya Bwana Athmani, fundi aliyezichonga zidaka hizi, yeye mwenyewe aliiacha, akasema alama ya mkono wake isitoke nyumbani." Nikaenda hivyo safu kwa safu, kila tundu na mwenyewe, na wageni nao wakisogea nami, hata sauti ya kamera sikuisikia, na nilipofika cha chini kabisa sauti ya Maimuna ilikuwa inamkatika, kwa kuwa kile kilikuwa cha mama yake, akiweka wanja.

Kazi alipata. Bwana Kimani alimwambia palepale ngazini, huku amejishika utosi, na wakala wa Arabuni Maimuna alimpigia simu mbele yangu kumwambia asimngoje.

Bwana Otieno siku ya pili alitia komeo upande wake wa wikio, alikuja mwenyewe kuniambia kwa haya, nikamwambia umefanya vyema, nyumba ni yako. Kuniuma kuliniuma. Lakini nimeapa: mlango wowote, wa juu au wa chini, hata wa nyumba niliyokulia, sitauvuka tena bila hodi, na chombo cha mtu sitakitwaa mpaka aniitikie kwa ulimi wake, maana jirani anapokufa, ruhusa yake huzikwa naye.

Bwana Kimani akaja kuniomba eti kila wakija wageni nijipake liwa nitokee ukutani, watafurahi. Nikamwambia, "Bwana Kimani, hao huja kuona nyumba. Mimi si nyumba." Sasa wageni wakija wanikuta nimevaa tangu asubuhi, mlango wa chini wazi. Mtaa unacheka bado, na uendelee kucheka. Mjukuu wangu jioni hurudi, akavua viatu, akaniuliza kuna nini cha kula.