Mwanafunzi wa Mama Chupa

Miaka ishirini jalalani, Mama Chupa alitenganisha plastiki kwa kuigonga kwa ukucha na kusikiliza mlio: hii ya kutengenezea ndoo, hii ya nyuzi. Hakukosea hata siku moja.

Wageni wa mradi wa ushirikiano walipoleta mashine kutoka ng'ambo, walimwomba aifundishe. Siku tatu akagonga chupa mbele ya kinasa sauti chake na kuitajia aina ya kila moja, kichwa kimemvimba kwa sifa.

Siku ya nne akagonga moja, na kabla hajafungua mdomo, mashine ikasema, "Ya ndoo."

Akagonga kumi zaidi. Zote ikapatia.

"Hongera, mama," mkalimani wa wageni akasema. "Mwanafunzi wako kafuzu."

Mama Chupa akachukua chupa iliyofuata, akaikumbatia kwa mikono miwili isitoe mlio.