Matairi ya Kwenda Digodigo

Mwaka wangu wa kwanza Karatu hakuna aliyeniita kwa jina. Nilikuwa Bwana Shamba kwa wazee, kwa watoto, kwa mwenye duka. Nilikuwa nimetoka chuoni Morogoro, mzaliwa wa Songea, nikapangiwa mradi wa mbegu za maharage na ngano, nikapewa nyumba ya vyumba viwili na pikapu ya kijivu. Majirani zangu walikuwa Wairaqw. Nikiwakuta wanaongea, walibadilisha lugha kwa heshima, wakanisalimu kwa Kiswahili, wakaniuliza habari za kazi, kisha mazungumzo yakaisha. Nikishawapa kisogo nilisikia yanaanza upya.

Watu niliokuwa nao niliwapata siku za mnada wa mjini. Asubuhi nilikwenda kijijini Qurus kukagua mashamba ya majaribio, na wakati wa kurudi mjini nilikuta kina mama wakinisubiri kando ya barabara na vikapu vyao vya maharage na vitunguu. Walikanyaga tairi la nyuma, mmoja baada ya mwingine, wakashika ubavu wa bodi, wakaingia. Mkubwa wao, mama mwenye sauti nzito, ndiye aliyegonga paa la kebini kuniashiria niondoke. Njia nzima walizungumza na kucheka nyuma yangu, nami niliacha wazi lile dirisha dogo la nyuma. Sikuelewa neno hata moja. Hata hivyo niliendesha polepole kuliko barabara ilivyotaka.

Kisha matairi yakaisha. Ilikuwa miaka ya uhaba, tairi lilitafutwa kama dawa, na nilijiona mwenye bahati fundi wa gereji ya barabarani aliponiambia amepata seti mbili pamoja na rimu zake. Moja ilikuwa ya kimo kile kile cha zamani. Nyingine ilitoka kwenye gari bovu la wapima ardhi, matairi makubwa yenye meno marefu, yaliyonifika karibu na kiuno yakisimamishwa ukutani. Akaniambia nichague.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Matairi makubwa yangenyanyua gari juu ya matope na mawe, lakini yangefanya usukani uwe mzito na yangekula mafuta, na mafuta yenyewe yalikuwa ya kibali. Pengine yangesugua madigadi kwenye kona kali. Mshale wa mwendo ungedanganya. Ningedhani naenda hamsini kumbe naenda sitini. Madogo yalikuwa salama kwa kila jambo, isipokuwa moja.

Jambo hilo lilikuwa Digodigo. Rafiki yangu, tuliyelala chumba kimoja chuoni, alipangiwa huko kusimamia mifereji ya kumwagilia mashamba. Alikuwa mtu pekee katika mkoa mzima aliyenijua kabla sijawa Bwana Shamba. Alinitumia salamu kwa dereva wa lori kwamba niende, huko kuna ndizi tele. Lakini kwenda huko ni kupita geti la Ngorongoro, kuzunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu, kushuka nyikani kwa Wamasai, kisha vumbi laini kama unga, mawe, na mito mikavu yenye mchanga. Tuta la katikati ya njia lilikuwa refu kiasi kwamba gari fupi lingelikalia kwa difu, lile bonge la katikati ya ekseli ya nyuma, na kubaki pale, magurudumu yakizunguka hewani.

Nilikwenda gereji nikaangalia, nikarudi nyumbani, nikaenda tena. Jumapili, baada ya saa nane mchana magari yalipokuwa hayaruhusiwi barabarani ili kuokoa mafuta, nilikwenda kwa miguu na kupima matairi kwa kamba. Fundi alikuwa amekaa mlangoni akinywa chai.

"Bwana Shamba," aliniuliza, "unachagua tairi au mchumba?"

Nikamwambia anifungie makubwa.

Niliondoka alfajiri ya Ijumaa. Sitaki kusema uongo: yale matairi yalifanya kazi. Yalipanda ukingo, yakashuka, yakapita kwenye mchanga kana kwamba mchanga haupo. Wachungaji walisimama kwa mguu mmoja, wameegemea fimbo, wakanitazama nikipita na bodi tupu nyuma yangu ikigongagonga. Jioni nikafika.

Rafiki yangu alinikumbatia mbele ya watu wengi. Kisha akatazama ndani ya gari, akazunguka nyuma, akachungulia kwenye bodi.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Gari lote hili, peke yako?"

Hakuwa na nia mbaya. Alishangaa tu, kama mtu anavyoshangaa akiona nyumba ya ghorofa inayokaliwa na paka. Yeye alikuwa ameshaijua lugha ya pale. Kila tulipopita kando ya mfereji mtu alimwita, naye akajibu kwa utani, wakacheka, kisha akanitafsiria, na utani ukitafsiriwa huwa umeshapoa. Tulikula ndizi kwa mchuzi wa maharage. Aliniuliza habari zangu, nikamwambia ni nzuri. Nilikuwa nimeandaa mengi ya kumweleza njia nzima, lakini yote yalikuwa ya upweke, na mbele ya watu wake niliona haya. Asubuhi nilisema nina kazi, nikarudi.

Mnada uliofuata nilifika Qurus kama kawaida. Kina mama walikuwepo kando ya barabara. Nilisimama. Walinisalimu vizuri, wakaulizana kitu kwa lugha yao, wakatazama chini. Hakuna aliyesogea. Nikasubiri, kisha nikaondoka na bodi tupu. Mnada mwingine ikawa vile vile, na mara hii walikuwa wameshaanza kutembea kwa miguu.

Niliwaza kila kitu. Niliwaza labda nilichelewa siku moja, labda mbegu za mradi hazikuota, labda ni kwa sababu sikwenda kwenye msiba wa jirani yao. Nilijinusa hata shati. Hatimaye nilisimamisha gari mbele ya yule mama mkubwa, nikashuka, nikamwuliza kama nimewakosea.

"Hujatukosea, mwanangu," alisema. "Gari yako imepanda juu. Mguu huu nitauinua mpaka wapi na kitenge hiki, na wanaume wako barabarani?"

Nikatazama tairi. La zamani lilimfika juu kidogo ya goti. Hili lilimfika nyongani. Nilikuwa nimelipima kwa kamba.

Nikamwomba akae mbele na mimi.

"Mbele nitaongea na nani?" aliuliza, bila ubaya, akawafuata wenzake.

Nilirudi gereji kuomba yale madogo. Yalikuwa yameshaondoka kwenye gari la mtu mwingine.

Siku zote kabla ya mnada mwingine nilitazama barabara ya Qurus kama sijawahi kuiona. Kuna mahali imekatwa kwenye kilima, na ukingo wa udongo mwekundu, wenye njia ya miguu juu yake, umesimama kimo cha bodi. Siku ya mnada, nilipowaona kina mama wakija kwa miguu, nililisogeza gari kwa ubavu hadi likakaribia kugusa udongo, nikazima injini, nikageuza kioo cha kutazamia nyuma ili kisiwaone, nikatazama mbele. Muda ulipita. Kisha springi za nyuma zikashuka kidogo. Zikashuka tena. Paa likagongwa.

Tulikuwa nusu ya njia, wakicheka nyuma yangu, nilipokumbuka kwamba Karatu mjini ni tambarare. Watashukia wapi? Nilipita mnadani bila kusimama. Nikazunguka maduka. Paa likagongwa kwa nguvu.

"Bwana Shamba, unatupeleka wapi?"

Nikawapeleka nyuma ya ghala la mahindi, kwenye jukwaa la kupakilia malori, nikarudi kinyumenyume mpaka bodi ikalingana nalo. Wakatoka kama watu wanaotoka sebuleni. Yule mama alinijia dirishani, akaniambia jioni wanarudi, niwasubiri pale pale.

Nyumbani hapakuwa mbali, na nilikuwa na njaa. Lakini lori lolote lingeweza kuja kuchukua ile nafasi, kwa hiyo sikutoka.