Pilau ya Mzenga

Dawa yangu ilikuwa molekuli ndogo niliyoiunda ili izibe tundu la protini inayoziamrisha seli za saratani zigawanyike. Siku seli zilipokufa kwenye visahani vya maabara, nilimpigia simu shangazi yangu wa Mzenga, aliyekatwa titi kwa saratani. Akachinja kuku, akapika pilau, akaita majirani kuomba dua.

Wiki iliyofuata nikarudia jaribio, nikaongeza kisahani nilichokiruka mwanzoni kwa pupa: kile cha spiriti tupu, ile niliyoyeyushia dawa, bila dawa yenyewe. Seli zikafa vilevile. Iliyoua ni spiriti.

Mkuu wangu wa maabara akanishauri nirudi kwetu Kibaha nikafundishe kemia sekondari. Dawa hizi, alisema, sisi ni wa kununua tu. Ushauri huo nimeukataa mpaka leo.

Nilikwenda Mzenga kukiri kosa. Shangazi alinisikiliza huku akimenya muhogo.

"Kwa hiyo nikawaambie watu waitapike pilau yangu?" akauliza. "Dua imeshasomwa. Kaitengeneze hiyo dawa."

Kesho yake mkuu wangu alinikuta maabara. Nilikuwa nimeanza upya, na kisahani cha kwanza nilichokijaza kilikuwa cha spiriti tupu.