Mbona Kwenu Hamna Hata Paka?

Watu wananiuliza. Mgeni akifika kwangu hapa Moshi mjini, akaona uwanja mpana, geti zuri na watoto wawili wenye afya, lazima atauliza: mbona kwenu hamna hata paka? Jirani yangu wa kushoto ana mbwa wanne na wote anawaita watoto wake. Zamani nilikuwa najibu kwamba nina mzio wa manyoya. Uongo mtupu. Sina mzio wa kitu chochote, hata vumbi la kiangazi halinipigishi chafya. Sababu ni mbuzi, na leo nitaisema yote. Anayetaka kucheka acheke.

Mimi ni kitinda mimba wa mkulima wa kahawa na ndizi kule Kilema. Mama yetu alifariki nikiwa nimeanza tu kazi kwenye duka la dawa mjini, nikishuka asubuhi na kurudi jioni, na haukupita muda mbuzi jike wake naye akafa akizaa. Akabaki mtoto, dume, ana miguu kama njiti za kiberiti. Kaka zangu wote walikuwa Dar es Salaam na familia zao, nyumbani tulibaki mimi na baba. Nikatafuta chupa, nikaomba maziwa ya ng'ombe kwa jirani, nikamlea yule kiumbe jikoni, pembeni ya mafiga. Sikumpa jina. Nilimwita mdogo wangu, maana kitinda mimba siku zote hutumwa yeye, na mimi nilitaka angalau mmoja wa kumtuma.

Hakutumika. Alikuwa mkaidi, mdokozi, mla sabuni. Alikula kitenge changu cha kanisani upande mmoja wote, akanitazama usoni huku anatafuna. Siku moja aliingiza kichwa kwenye waya wa geti, akajivuta kwa hasira mpaka ncha ya pembe ya kushoto ikakatika. Lakini nikikaa chini alikuja kulaza kidevu kwenye goti langu, na hapo hasira zote zilikuwa zinaniisha. Nilimpenda. Nasema bila aibu: nilimpenda mbuzi.

Baba hakumtaka. Ndivyo nilivyoamini. Hakuwahi kumtaja ila kwa kusema "huyo wako". Huyo wako amekula mche wa kahawa. Huyo wako ameingia sebuleni. Alipokuwa bado mdogo baba alimwita mtu wa kumhasi, nami nikashukuru, nikidhani ni kwa ajili ya harufu, maana beberu akikomaa hakai na watu. Ndipo akaanza kunenepa. Jamani! Alinenepa mpaka mgongo ukawa bapa. Wakati huo nilikuwa nimeshapanga chumba mjini, napanda nyumbani mwisho wa juma tu, mbuzi akimfuata baba kunipokea barabarani kila Jumamosi, na kila nikipanda nilibeba pumba na chumvi. Nikifika kitu cha kwanza ni kumkatia majani ya migomba.

Wanawake wa jumuiya ya kanisani wakipita kihambani kwetu, kwenye migomba na kahawa, walikuwa wakisimama kwenye uzio kunisifu. "Huyu binti anajua kutunza!" "Mae! Hebu tazama mgongo huo!" "Atakayekuoa amepata mke." Nami nilijibu asante mama, asante shangazi, kichwa kimevimba kwa sifa. Niliwaona ni watu wenye huruma na viumbe vya Mungu.

Kama umekulia mlimani, umeshaelewa. Mimi nilikulia mlimani na sikuelewa. Kwetu binti akiagwa kabla ya harusi, kwenye sherehe tunayoiita sendofu, hutolewa ndafu, yule mbuzi mnene anayechomwa mzima na kuletwa ukumbini akiwa na majani mdomoni. Na ndafu hapatikani hivi hivi. Ni dume aliyehasiwa, akalishwa nyumbani muda mrefu, akabembelezwa. Kijiji kizima kilijua ninachofuga, isipokuwa mimi.

Nikapata mchumba, mtu wa Sanya Juu kule Siha, fundi umeme mjini. Mpole. Alisikiliza habari za mbuzi mwanzo hadi mwisho bila kucheka, na nilipomwambia kwamba nikiolewa ninakuja na mdogo wangu, akapigilia mbao mwenyewe nyuma ya nyumba tuliyopanga, akajenga banda, akaezeka bati. Kwao hawakuwa na upole huo wote. Walipokwisha kuleta posa, neno lilirudi kwetu kutoka kwa wanawake wa upande wao: nyumba isiyo na mama, siku ya sendofu tutakula nini huko, maji? Baba aliambiwa neno hilo akiwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, hakukinyanyua tena.

Wiki ya sendofu nilikuwa mjini mikononi mwa shangazi, dada yake baba, aliyesimamia nywele zangu, gauni langu na karibu hata kupumua kwangu. Nilimpigia baba simu mara moja kuuliza mdogo wangu anaendeleaje. Akasema, "Yupo." Akakata. Baba hakuwa mtu wa simu, sikujali.

Ukumbi ulipendeza, siwezi kusema uongo. Zambarau na nyeupe, viti vimevalishwa, ukoo wa mwanaume umejaa upande wa kulia, mama mkwe wangu mtarajiwa mbele kabisa kwenye kiti chake, uso umekazwa kama wa mkaguzi. MC alikuwa na sauti ya muuza sumu ya panya. Ilipofika zamu ya ndafu akapaza: "Wageni wetu wa Siha, simameni! Keki ya Kichagga inaingia!"

Muziki ukalipuka. Wapishi wawili wenye kofia nyeupe wakaingia wanacheza, wanasukuma meza ya magurudumu. Ndafu alikuwa amepiga magoti juu yake, ameiva, anang'aa mafuta, karoti na nyanya zimemzunguka. Mimi nilikuwa natabasamu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwenye picha natabasamu. Nikasema moyoni, kweli baba amejikaza, mbuzi mkubwa namna hii! Kisha wapishi wakaigeuza meza ili kamera imwone vizuri. Pembe ya kushoto haikuwa na ncha.

Nikatazama tena. Nikajiambia mbuzi waliovunjika pembe ni wengi, mlima mzima huu. Lakini mtu aliyenyonyeshwa na wewe kwa chupa utamjua hata usoni, na ule uso niliujua.

"Shangazi," nikasema, "yule ni nani?"

"Ndafu, mama. Tabasamu, kamera hiyo."

"Shangazi, yule ni nani?"

Akanigeukia, naye akashangaa kuona nashangaa. "Si wako yule? Kwani ulikuwa unamlisha wa nini?"

Yesu wangu, mtu anaulizwa swali kama hilo anajibu nini? Na MC hakunipa hata nafasi ya kuvuta pumzi. "Mabibi na mabwana, huyu hakununuliwa mnadani! Huyu amelelewa na bibi harusi mtarajiwa mwenyewe, kwa chupa, tangu siku aliyozaliwa! Sanya Juu, mpooo?"

Ukumbi ulipasuka kwa vigelegele. Wazee walisimama. Wanawake wale wale wa jumuiya, waliokuwa wakinisifu kwenye uzio, walirusha vitenge juu na kunipungia, wananifurahia kweli, hakuna hata mmoja aliyenifanyia ubaya. Mama mkwe alijishika kifua. Ule uso wa mkaguzi ulikuwa umeloa machozi. Mtu hajawahi kupewa heshima ile, ndivyo ulivyokuwa unasema uso wake, na mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshikishwa kisu chenye utepe.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuipindua meza na kila kitu chake. Nikamtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama pembeni na suti yake ya siku zote, mikono nyuma, anatazama sakafu, na ukoo mzima wa wageni ukimpigia makofi yeye, mgane wa Kilema aliyeambiwa atalisha watu maji. Nikipiga kelele, nikawaza, hicho ndicho kitakachosimuliwa Sanya Juu hadi wajukuu. Nyumba isiyo na mama, na binti kichaa. Baba hatainua uso tena.

Nikakata.

Nilimlisha mama mkwe. Akatafuna polepole, akanishika shavu. "Mwanangu," akasema, "umelea." Nilimlisha mchumba wangu. Alikuwa ameshaniona usoni. Akaninong'oneza, "Ni yeye?" Nikaitikia kwa kichwa. Alimeza bila kutafuna, macho yakamtoka, na ninaamini hapo ndipo alipokuwa mume wangu, kabla ya padri.

Kisha baba. Nilimtilia nyama mdomoni kwa nguvu kuliko ilivyo adabu, makusudi kabisa. Akaipokea. Hakutafuna. Akatoa leso, akafuta midomo, leso ikarudi mfukoni imetuna. Ikawa zamu yake kunilisha mimi, na MC akipiga kelele "Baba mlishe mwanao!" aliinua kipande, akakiziba kwa kiganja kamera isione. Ilikuwa karoti. Nilitafuna karoti mbele ya watu wote wale wakishangilia, na sikuelewa. Hasira ilikuwa imenijaa mno.

Siku chache baadaye, harusi yenyewe ikiwa bado, nilipanda Kilema nimejaa sumu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, mengine siyo ya kumwambia mzazi. Nilimkuta nyuma ya nyumba. Sikumwamkia, na kwetu kutomwamkia baba ni tusi tosha. Nikampita, nikaenda moja kwa moja kwenye banda la mdogo wangu, sijui nilitarajia kuona nini.

Kwenye hori kulikuwa na majani ya migomba. Mabichi, ya asubuhi ile ile, yamekatwa vipande vidogo vidogo kama anavyokatiwa mzee asiye na meno.

"Nilijisahau," baba akasema nyuma yangu. "Mkono umezoea."

Mimi nilikuwa wa mwisho wa juma, na pumba zangu na chumvi zangu. Siku zilizobaki zote nani alikuwa akimlisha? Sikuwahi kuuliza! Nilifikiri mbuzi ananenepa kwa mapenzi yangu.

"Baba, kwa nini yeye? Wa kununua wapo."

"Wapo," akasema. "Walisema nyumba yangu haina mama, watakula nini. Nikasema watakula kitu kisichouzwa."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungelia. Ungelia, ningemwacha."

Akakaa kwenye gogo. Nikakaa na mimi. Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba yule mbuzi alikuwa akilala mlangoni pake, na yeye akikohoa, mbuzi anapiga kwato ukutani mpaka aitikiwe. Nilikuwa sijui. Nilimtazama yule mzee, nikaona kwamba kwa mkupuo mmoja alikuwa amenitoa mimi na amemtoa mbuzi, na nyumba imebaki na kikombe chake na redio.

"Nikuletee mbwa, baba," nikasema. "Au hata paka tu. Usibaki peke yako hivi."

"Usiniletee kitu chenye macho."

"Baba."

"Nimesema usiniletee." Akajisugua magoti. "Mchinjaji alikuja na kamba. Akakataa. Walimvuta, akalala chini. Hakukubali kamba ya mtu. Ikabidi nimpeleke mwenyewe, bila kamba, ile njia yetu ya kushukia barabarani. Akatangulia yeye. Anakimbia, anasimama, ananisubiri, anakimbia tena. Amefurahi."

Nikamwuliza alifurahi nini.

"Ilikuwa Jumamosi, mama. Alidhani tunakwenda kukupokea wewe."