Nyayo za Unga Mlangoni

Nilipokuwa mtoto, nilijua kufuta nyayo zangu kabla sijajua kuandika jina langu. Kukhu, bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyenifundisha. Kila likizo nilipokwenda kijijini kwake Khunyangu alinionya kwamba mtu mwenye roho mbaya akiuchota mchanga wa unyayo wako, amekuchota wewe mzima mzima. Basi nikitoka kisimani nilikuwa naburuta tawi nyuma yangu, maji ya ndoo yakinimwagikia shingoni na binamu zangu wakinicheka. Wacheke tu, nilisema moyoni, wao ndio watakaochotwa.

Kwetu kulikuwa Busia mjini, kwenye ploti ya nyumba nne nyuma ya maduka. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa kina Hetal. Baba yake aliuza vitambaa duka la mbele, na mama yake, tuliyemwita Mama Hetal, aliongea Kiswahili cha Busia kunishinda mimi niliyezaliwa na watu wa hapo. Hetal alikuwa na miaka tisa, nami tisa. Tulikwenda shule moja, tukagombana na kupatana mara tatu kwa siku.

Diwali yao ilikuwa sikukuu ya ploti nzima. Vibatari vidogo vya udongo vilipangwa ukutani jioni, na sahani za laddu tamu na chevda ya chumvi zilizunguka mlango hadi mlango, hadi kwa mzee Mwislamu wa nyumba ya mwisho, ambaye alijifanya hapendi vitu vitamu kisha akatuma mtoto aombe nyingine. Sahani ya Mama Hetal haikurudi tupu. Mama aliijaza njugu za kuchemsha, na Krismasi ikifika aliwapelekea chapati. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha kuishi hivyo.

Mwaka ninaousema, mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo nyumbani hatukumtaja mtoto kwa sauti, wala hakuna hata kofia iliyonunuliwa. Kukhu alikuja kutoka Khunyangu kumwangalia. Mimi nilimtaka mtoto huyo kuliko kitu chochote duniani, maana nilikuwa nimechoka kumsikia mama akilia bafuni huku amefungulia maji.

Asubuhi ya Diwali Kukhu alifungua mlango, akasimama palepale.

"Ajiambo, kuja. Usikanyage."

Kwenye saruji, kuanzia getini hadi kizingiti chetu, kulikuwa na nyayo nyeupe za unga. Zilikuwa ndogo kama za mtoto mchanga, kila moja na vidole vyake vitano, zikielekea ndani kwetu. Mlangoni kwa kina Hetal nilizoea kuona maua ya rangi sikukuu ikifika. Nyayo walizichora ndani ya chumba chao cha kusalia, nami sikuwahi kuingia humo.

"Hii miguu inaingia," Kukhu alisema polepole. "Ya kutoka iko wapi?"

Niliangalia. Hazikuwepo.

Kwake jambo lilikuwa wazi. Wale watoto wawili waliopotea walikuwa wameitwa na mtu, na walikuja kumchukua wa tatu. Wala mtu huyo hakuhitaji kutafutwa, kwa sababu unga uleule ulikuwa umedondoka hadi mlango wa kina Hetal. Akanipa ufagio.

"Fagia kutoka ndani kuenda nje. Changanya na jivu, umwagie mwenyewe kwa mlango yake. Na usifungue mdomo mpaka umalize. Ukijibu mtu, inarudi kwa mama yako."

Baba alikuwa kazini Malaba, mama alikuwa bado amelala. Nilifagia. Unga ulikuwa umekauka, ukatoka bila taabu. Nilikuwa nimebeba chombo cha takataka kwa mikono miwili, katikati ya ua, Hetal alipotoka nje na gauni lake jipya. Ngumi yake ya kulia ilikuwa nyeupe hadi kwenye kifundo.

"Mbona unatoa?" aliuliza. "Hiyo ni yenu. Nimechora ndio mtoto aingie."

Nilimsikia vizuri. Hadi leo nikijidanganya kwamba sikuelewa, nafsi yangu inakataa. Nilielewa kwamba Kukhu amekosea, na nilielewa pia kwamba nikisema neno moja, mama atarudi kulia bafuni. Nikafunga mdomo hadi meno yakauma.

"Ajiambo, si naongea na wewe?"

Nikampita. Nikamwaga unga na jivu mlangoni kwao, juu ya maua yao ya rangi, nikageuka.

Jioni sahani ililetwa kama kawaida. Kukhu aliifunika kwa sufuria, akakataza isiguswe. Niliiba laddu moja nikaila nyuma ya tangi la maji.

Nilitaka kumwambia Hetal pole, lakini nilisema kesho. Halafu kesho yake nikasema mtoto azaliwe kwanza, nisije nikaharibu kitu. Shuleni tulikaa madawati tofauti. Nyumbani alinipita getini akitazama viatu vyake, nami nikatazama vyangu. Hizo zilikuwa wiki tatu.

Kisha mvua za mwisho wa mwaka zikaleta homa, kama kila mwaka, na Hetal akalala. Malaria ilimpanda kichwani. Walimkimbiza Kisumu, na hawakurudi naye. Siku nne baadaye ndugu yangu akazaliwa, mzima, akipiga kelele hadi nyumba ya mwisho ikasikia.

Habari ya Hetal ilipotufikia, Kukhu alisema, "Imeenda kwa mwenyewe." Kisha akanitazama, nami nikamtazama, na tulijua wote wawili ni nani aliyebeba kile chombo. Alikaa chini sakafuni. Sikuwahi kumwona bibi yangu akiwa mdogo vile.

Alikwenda kuhani msiba na kuku, kama inavyotakiwa kwetu. Alivuka ua na kuku kwapani, akamkabidhi Mama Hetal kwa mikono miwili. Watu wale hawakula nyama maisha yao yote. Mama Hetal alimpokea, akamfunga kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo, akawa anamlisha mchele. Kuku alipoanza kutaga, Mama Hetal aliyaleta mayai kwetu, ya mama mzazi. Mama aliyala akilia.

Majirani walinong'ona kwamba Hetal amechomwa moto, majivu yakatiwa ziwani. Mimi kilichonikata ni kitu kingine. Kwetu mtu ukimkosea akafa, unakwenda kaburini unaongea naye, unamwaga moyo wako, unarudi. Hetal hakuwa na kaburi.

Kabla hawajahamia Kisumu, Mama Hetal aliniita jikoni. Alikuwa na sinia, na bakuli la unga wa mchele uliokorogwa kwa maji.

"Hii alikuwa anataka kukufundisha," alisema.

Akakunja ngumi, akachovya ubavu wake kwenye bakuli, akaigandamiza kwenye sinia. Ulitokea wayo. Kwa ncha ya kidole akaweka nukta tano, na wayo ukapata vidole.

"Ni mguu ya Lakshmi, mungu wetu wa baraka. Anaingia kwa nyumba, haitoki, ndio maana tunachora ya kuingia peke yake. Kwenu alichora mwenyewe, nilimwonyesha tu." Akafuta kidole pembeni mwa sinia. "Aliniambia mvua ilifuta."

Siku ile haikunyesha. Mama Hetal alijua haikunyesha, maana ndiye aliyefagia lile jivu mlangoni kwake. Aliningoja niseme. Mdomo wangu ulikataa, mara ya pili, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumsingizia.

Leo mimi ni muuguzi hapahapa Busia. Najua mbu ni nini, najua unga wa mchele hauui mtu. Kukhu simlaumu, aliogopa kama nilivyoogopa, na alikwenda kaburini na uzito wake. Wangu ni ule ukimya. Ule haukuwa uchawi.

Kila Diwali, ndugu yangu anapokuja na ndevu zake kuuliza chai iko wapi, ananikuta nimepiga magoti mlangoni, ngumi nyeupe. Siku hizi nyayo zangu zinatoka kubwa, za mtu mzima. Hetal naye angekuwa na ngumi kubwa kama hii. Ninazichora za kuingia tu, na nikifika kizingitini ninafungua mdomo nimjibu, kwa sauti, majirani wasikie wakitaka.

"Mtoto aliingia, Hetal."